Chupa tano za gazi mpaka Kabongo



Tangu mwezi uliopita swali ni moja, sokoni, kwenye bomba la maji, hata nje ya kanisa: chama kitafunga tangi la gazi kwenye jeep au hakitafunga? Kuna waliosikia kwamba tumeshakubali na fundi ameshalipwa. Kuna waliosikia kwamba tumekataa kwa sababu wamama wanaogopa moto. Tunaandika wiki hii ili kila mama asome mwenyewe jinsi tulivyofikiri, maana kasha ni la wote na jeep ni ya wote, pamoja na mama wa Kabongo ambao hawakuweza kufika mkutanoni.

Jeep yetu mnaijua. Ni ya zamani, ina viti viwili virefu nyuma vinavyotazamana, na inakula esansi. Jeep nyingi mnazoziona hapa Kamina, za mashirika, za wafanyabiashara na za serikali, ni za mazuti. Yetu tuliipata kwa bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo: inakunywa sana. Mota yake ni ya silinda 6 na lita 4.5, na kwenye mchanga wa njia ya Kabongo inamaliza lita 20 kwa kilometa 100. Wakati wa mvua inapita hapo. Kwenda na kurudi Kabongo ni karibu kilometa 400, kwa hiyo kila safari ni lita 80 za esansi kabla hata ya kununua mkate njiani.

Na esansi ya Kamina mnajua tabia yake. Muanda, kule baharini, petroli inatoka ardhini kwetu wenyewe, lakini inauzwa nje ikiwa ghafi, na sisi tunanunua esansi ya wengine. Mpaka ifike hapa imepanda treni, imeshuka, imepanda lori, na kila mkono umechukua kidogo. Treni ikikawia Bukama siku tatu, bei ya kadhafi wenye bidoni zao barabarani inapanda tangu asubuhi, na jioni bidoni imechanganywa na kitu ambacho Mungu peke yake anakijua. Mama anayepeleka magunia matano ya mahindi anajikuta nusu ya faida yake imeingia kwenye mota.

Basi akaja kijana mmoja fundi, mtoto wa hapa hapa aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi. Alikuja na heshima, akaomba kiti, akatuambia: «Wamama, mota ya esansi inaweza kula gazi, ile ile ya jikoni. Si uchawi. Huko Australia jeep kama hii zinafungwa tangi, zinazunguka jangwani.» Tulimuuliza maswali mengi, tukaenda pia kutafuta kwa wengine, na tunasema wazi: kijana hakutudanganya. Australia magari mengi yalikula gazi, na mwaka 2006 serikali ya kule ilianza kuwapa wenye magari dola 2,000 za kwao ili wafunge mtambo huo. Italia, Poland na Uturuki ni jambo la kila siku, vituo vya kujaza viko kando ya barabara. Tena wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945, esansi ilipokosekana, Ufaransa na Ubelgiji walifunga kwenye magari yao mapipa ya kuchomea kuni na makala, na gazi ya makala hayo ndiyo iliyoendesha mota. Yaani wazungu walizunguka mjini na mbabula mgongoni. Hilo lilituchekesha sana.

Sasa tueleze mtambo wenyewe, maana wengi walikuwa wakiukataa au kuutaka bila kujua ni nini.

Gazi hii ya chupa ni mchanganyiko wa propani na butani. Ukiikandamiza kidogo inageuka maji, ukiiachia inarudi kuwa hewa, na lita moja ya maji yake inatoa zaidi ya lita 200 za gazi. Ndiyo maana chupa ndogo inapika muda mrefu. Kwenye gari kunafungwa tangi la chuma nene, la mviringo mrefu kama pipa lililolala, au la duara kama gurudumu, linalokaa chini nyuma, mahali pa gurudumu la akiba. Gurudumu la akiba linahamia kwenye mlango wa nyuma au juu. Kutoka tangini gazi inakwenda mbele ikiwa bado maji, inapita kwenye kifaa kinachopashwa moto na maji ya radiateri, hapo inageuka hewa na kuingia kwenye mota. Esansi haiondolewi. Mota nyingi za namna hiyo zinawashwa kwa esansi, zikipata joto zinahamia kwenye gazi, na gazi ikiisha dereva anarudi kwenye esansi kwa kubonyeza kitufe.

Tangi halijazwi likajaa. Linapofika sehemu 80 kwa 100, kilango cha ndani kinajifunga chenyewe. Mama aliyewahi kuacha bidoni ya mawese iliyojaa juani anaelewa kwa nini: kitu kikipata joto kinavimba, na gazi ya maji inavimba kuliko mawese. Kuna kilango kingine kinachofungwa na umeme mara dereva akizima mota. Kuna kingine kinachojifunga bomba likikatika ghafla. Na kuna cha mwisho kinachotoa gazi nje polepole kama tangi limepata moto sana, ili lisipasuke. Tangi la kweli lina kibati kilichochomelewa, chenye mwaka lilipotengenezwa na alama ya kanuni namba 67 ya Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo sheria ya vyombo hivi. Italia tangi likifika miaka 10 linabadilishwa, hata kama linang'aa.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Kanuni hiyo inataka mikanda na bolti za tangi ziweze kuvumilia mara 20 ya uzito wake gari ikigonga kitu mbele. Tangi letu likijaa lingekuwa na kilo 100 na kitu. Hesabu hiyo ni tani 2 za nguvu juu ya bolti chache. Fundi anayetoboa shasi na kuweka bolti za kitanda, huyo si fundi. Tena jeep ya njia ya mashamba si teksi ya lami: tangi likining'inia chini sana nyuma, linakwaruza kwenye kila kisiki na kila ukingo wa mto. Lazima lipande juu, likae kati ya mbao za shasi, liwe na bamba la kulikinga na mawe. Kijana alituchorea yote hayo kwenye daftari la mama katibu, tukampenda kwa hilo. Alisema pia bila kuulizwa kwamba gazi inawaka kavu, na kwamba mota nyingine zinachakaa haraka pale valvu zinapokaa, kwa hiyo lazima zipimwe mara kwa mara.

Baba kadhaa wameuliza kuhusu jeep zao za mazuti. Jibu ni fupi. Mota ya mazuti haina buji ya kuwasha gazi, inategemea mazuti yenyewe kuwaka kwa kukandamizwa. Wapo wanaochanganya gazi kidogo ndani ya mazuti, lakini mazuti inabaki lazima. Anayekuambia atageuza jeep yako ya mazuti ile gazi peke yake kwa siku mbili, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Kuna pia mama aliyeleta kwenye simu picha za ndugu yake wa Dar es Salaam: teksi na bajaji zenye mtungi, foleni ndefu kwenye kituo. Akasema, mbona wao wanaweza? Lakini gazi yao ni nyingine. Wao wanatumia gazi ya ardhini inayotoka kisiwa cha Songo Songo, iliyofika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Hiyo haigeuki maji kwa kukandamizwa kidogo. Inawekwa kwa nguvu ya bar 200 ndani ya mitungi mizito mno. Ya kwetu ya chupa kwa kawaida haifiki hata bar 10, na gurudumu la jeep, ili mlinganishe, lina bar 2 au 3. Mtungi wa hii hauwezi kubeba ile. Na wao wanaishi karibu na bomba. Gazi ya Ziwa Kivu, ambayo Rwanda wanaitoa majini na kuifanya umeme, ni ndugu wa hiyo ya Dar, si ya jikoni kwetu.

Mpaka hapo, mama wapendwa, wengi wetu mioyo ilikuwa inaegemea kukubali. Kilichotugeuza ni hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa na mama anayetunza kasha, kwenye karatasi ya sukari, wakati sisi wengine tunaendelea kubishana.

Esansi tunainunua kwa lita, gazi kwa kilo, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Mshike hivi: kilo 5 za gazi zinafanya kazi ya lita 7 za esansi, karibu hivyo. Kwa hiyo yeyote anayetaka kujua kama gazi ina faida kwa gari, aulize bei ya lita 7 za esansi na bei ya kilo 5 za gazi siku hiyo hiyo, mji huo huo. Yenye bei ndogo ndiyo inayoshinda. Wiki ile tuliyouliza hapa Kamina, gazi ilishindwa. Tena ilishindwa mbali.

Halafu mama wa kasha akaendelea. Lita 80 za kwenda na kurudi Kabongo ni sawa na kilo 57 za gazi. Tuchukue chupa ya kilo 12. Ni chupa karibu tano. Akaweka kalamu chini akauliza: «Mama mwenye watoto watano, chupa ya kilo 12 anaipikia muda gani?» Wale wachache kati yetu wenye jiko la gazi wakajibu: mwezi, ukipika kwa akili na maharage ukiyaloweka. «Basi,» akasema, «safari moja ya Kabongo ni jiko la mama mmoja kwa miezi mitano.»

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Sisi tunaopika kwa makala tunajua maana ya miezi mitano bila moshi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani, na watoto wadogo wamo ndani yake. Hatuhitaji hata hiyo hesabu, tunakisikia kikohozi cha watoto wetu usiku. Na gunia la makala, ambalo zamani lilitoka karibu na mji, sasa baiskeli zinalileta kutoka mbali sana, mti ukiwa umekatwa ambapo haujarudi. Kama gazi inafika Kamina kidogo kidogo, chupa kumi leo, chupa ishirini wiki ijayo, nani aipate kwanza, sufuria au mota? Jeep moja ikianza kununua chupa tano kila wiki, bei itapanda kwa kila mama anayejaribu kuachana na makala. Tungekuwa tumewapiga wenzetu kwa mkono wetu.

Mama mmoja hakukubali, na hoja yake tunaiandika hapa kwa sababu ni nzito. Alisema shida ya esansi ni zaidi ya bei: kuna siku haipo kabisa. Mwaka jana alikwama Kabongo siku sita na nyanya zake zikaoza zote. Na kuna siku jeep inaitwa usiku kumleta mama mwenye uchungu kutoka kijijini. «Siku hiyo,» alisema, «sitauliza kilo 5 ni bei gani. Nitataka gari iwake tu. Tangi la pili ni akiba.» Aliongea akiwa amesimama, na wengine walipiga makofi.

Tulimjibu kwa upole, na tunarudia jibu lile hapa. Akiba ni nzuri ikiwa inatoka njia nyingine. Lakini gazi ya Kamina inatoka Lubumbashi kwa treni na lori zile zile, karibu kilometa 600 za reli. Treni ikilala, esansi inalala na gazi inalala. Tena gari inawashwa kwa esansi kwanza, kwa hiyo siku ambayo hakuna hata tone la esansi, mtambo mwingi wa siku hizi hauwezi kukusaidia asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Akiba ya kweli ya mama mwenye uchungu ni bidoni moja safi ya esansi, iliyofungwa vizuri, inayokaa mahali penye hewa mbali na jiko, na ambayo hakuna mtu anayeigusa kwa safari ya soko. Hilo tumeliamua siku ile ile, na ufunguo uko kwa mama makamu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike kwa haraka.

Baada ya habari ya tangi kusambaa, watu wa garaji moja hapa mjini walikuja na maneno matamu. Walisema tangi la kanuni namba 67 ni bure tu, ni ukubwa wa wazungu. Wao wanaweza kuchukua chupa mbili za jikoni, kuzifunga nyuma ya viti kwa waya, kuleta mpira mpaka mbele, na gari itakwenda. Kwa robo ya bei. Mama wapendwa, hapa hatuna upole. Jibu ni hapana, leo na kesho, na tunaomba msimruhusu mume, kaka wala mtoto wenu kufanya hivyo.

Chupa ya jikoni imetengenezwa isimame, itoe hewa ya juu polepole kwa jiko moja. Mota inataka nyingi kwa haraka. Chupa ikivutwa hivyo inapoa mpaka inatoa barafu kwa nje, gazi inapungua, mota inakohoa, na dereva anaanza kuilaza au kuitikisa ili ile maji itoke, na hapo mambo yameharibika. Haina kilango kinachofungwa na umeme. Haina kile kinachojifunga mpira ukikatika. Na mpira wa jiko, ambao jikoni haugusani na kitu, kwenye jeep unasuguana na chuma kilometa 200 za matuta.

Na gazi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi wa makala unapanda, unautoa dirishani. Gazi inashuka, inatambaa sakafuni na kukaa. Kwenye jeep yetu sakafuni wanakaa watoto, kati ya miguu ya mama zao. Mmoja wetu alipanda mwaka huu gari ya mfanyabiashara iliyofungwa hivyo, kutoka njia ya Kaniama. Baada ya muda kukawa na harufu ya kabichi iliyooza. Ile harufu inatiwa makusudi ndani ya gazi, maana yenyewe haina harufu, ili watu washtuke. Dereva alisema ni kawaida. Mtoto wake wa miaka mitatu, aliyekuwa amelala chini kwenye kitenge, aliamka akatapika. Mama huyo alipiga kelele mpaka gari ikasimama, akashusha watoto wote, na baba mmoja aliyekuwa anatafuta kiberiti cha sigara akanyang'anywa kiberiti na wamama watatu kwa pamoja. Walitembea saa mbili kwa miguu. Hakuna aliyeumia, na nauli hawakurudishiwa.

Mnakumbuka Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Lori ya gazi ililipuka mahali pa kujazia chupa ambapo hapakuwa na ruhusa, katikati ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 200 waliumia, wengine wakafa, wengi walikuwa nyumbani kwao tu. Kujaza gazi kwa kuigeuza chupa kubwa juu ya chupa ndogo, kwa mpira, nyuma ya parseli, ndiyo njia hiyo hiyo kwa udogo. Wala hatusemi esansi ni malaika. Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori ya petroli ilianguka, watu wakakimbilia kuchota na bidoni, na zaidi ya 200 wakaungua. Kila moto una adabu yake. Aliyezoea wa makala asidhani anaujua wa gazi.

Kwa hiyo mkutano uliamua hivi. Walionyosha mkono kukataa tangi walikuwa wengi, si wote. Hatukuikataa milele. Siku Kamina itakapokuwa na depo yenye pompa ya kujazia magari, yenye ruhusa, na kilo 5 zikiwa nafuu kuliko lita 7 kwa miezi kadhaa mfululizo, tutamwita yule kijana tena, naye ataleta tangi lenye kibati tusome mwaka wake, pamoja na karatasi ya mahali alipojifunza kazi. Tulimwambia hivyo uso kwa uso. Alicheka akasema: «Mama zangu, mmenipiga kwa hesabu.» Sasa anatengeneza jeep yetu kwa esansi: amebadilisha buji, amesafisha njia ya mafuta iliyojaa matope ya kadhafi, na ameshusha ile kariya ya juu ambayo ilikuwa inakwenda tupu Kabongo na kurudi tupu, ikishika upepo bure. Dereva, baba yetu mvumilivu, anasema gari imepungua kiu. Tunapima kwa daftari, tutawaambia namba baada ya safari tatu.

Jambo lililopunguza gharama kuliko yote halikuhitaji fundi. Tulikuwa tunakwenda Kabongo kila wiki na mama watano. Sasa ni kila wiki mbili na mama kumi, magunia yakitangulia kwa treni inapokuwepo. Esansi ya kila mama imekatika nusu. Ni kweli inawaudhi wenye nyanya, ambao hawawezi kungoja wiki mbili, na mama yule yule aliyesimama mkutanoni amelalamika tena. Ana haki. Kwa ajili yao tunazungumza na madereva wa lori za chumvi zinazorudi tupu. Jibu bado halijapatikana.

Pesa iliyokuwa imetengwa kwa tangi haikurudi yote kwenye kasha. Tumenunua chupa mbili za gazi na jiko kubwa la chuma la midomo miwili, la kupikia bukari ya matanga na kuchemsha maji ya mama waliotoka kuzaa. Ni la chama. Linakaa chini ya paa lisilo na ukuta, nyuma ya nyumba ya mama prezidenti, chupa zikisimama nje kabisa. Anayelichukua anafundishwa kwanza: unapaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kilango, povu likivimba unafunga na kurudisha, na hakuna kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Mpaka sasa limepika matanga mawili na harusi moja. Kwenye harusi sufuria ya sombe iliungua chini kwa sababu moto ulikuwa mkali kuliko tulivyozoea, mpunguze mapema.

Safari ijayo ya Kabongo ni Alhamisi ya wiki kesho, saa kumi na moja asubuhi. Zimebaki nafasi tatu. Wenye magunia wajiandikishe kwa mama katibu kabla ya Jumanne jioni, na wenye watoto wadogo waseme idadi yao, ili tujue wangapi watakaa kwenye viti na wangapi kwenye mapaja.